Kuhusu Mbuzi Wetu na Kibao cha Bwawa Lako

Galbet, Garissa
Machi 1965

Mheshimiwa Bwana DC,

Assalamu aleikum. Hili sijamwambia mtu yeyote: nampenda Adey kuliko kaka yangu Mursal. Adey ni mbuzi. Mursal ni Mursal.

Mimi ni Kaaha, wa darasa la saba. Mbele za watu sauti hunikauka, ndiyo maana naandika. Tangu hali ya hatari itangazwe, njia yetu ya mtoni imefungwa, nawe kwa wema wako ukaruhusu mbuzi wanywe katika lile bwawa dogo la starehe la maofisa. Tulikuombea dua. Kisha juu ya tuta la udongo kikasimamishwa kibao: HAPA RUHUSA KUPIGA MBIZI.

Nilimsomea Ayeeyo, nyanya yangu, nikamfasiria kwa Kisomali. Siku hiyohiyo akawafunga mbuzi nyumbani. Sasa wanagawana maji ya sufuria, Adey amekatika maziwa, na mjomba wangu, Abti Hirsi, asema mbuzi asiye na maziwa njia yake ni moja, kwa mchinjaji. Kwa hiyo, kwa heshima, nalalamika:

1. Kibao hakisemi mbuzi amekosa nini. Hata sisi shuleni huambiwa kosa kwanza.

2. Kimeandikwa "mbizi". Nimesoma Kiswahili na Kiingereza, na samahani sana, ni "mbuzi". Kama serikali imeamua kumpiga, angalau imwandike sawasawa.

3. Ayeeyo alimwendea askari wa bwawa akamwuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Na wewe nabiga?" Askari akacheka, eti hupiga kila Jumamosi, lakini Bwana DC ndiye fundi, hupiga hata kinyumenyume. Wallahi sikutaka kuamini.

4. Sasa naelewa kwa nini tuta likainuliwa vile: mbuzi asipate pa kutokea. Na ile mashua iliyofungwa kando ya bwawa ni ya kumfuata akikimbilia majini.

5. Ngamia hawakutajwa. Je, ni kwa sababu wana teke?

Naomba Adey apewe kipande, kama vile vya watu wanaotembea saa za kafyu, kiseme asiguswe. Ni mweupe, ana doa sikioni, hana siasa.

Nasikia nyayo zinakuja mlangoni. Siku zote nikisikia mtu, karatasi zangu huzificha chini ya mkeka. Leo naiacha hapahapa, aone anayetaka.

Nisalimie mkeo, watoto, maofisa wote, na yule askari pia, ingawa moyo wangu haujatulia naye.

Ni mimi raia wako mdogo, mwenye adabu na huzuni,
Kaaha Jama

Nyongeza: Aliyeingia ni Ayeeyo na Bi Zeinab, mke wa karani wa Mombasa aliyeandika kibao. Bi Zeinab amesoma barua, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe kupiga mbizi ni mtu kujitupa majini, kichwa mbele, miguu juu. Nimemfasiria Ayeeyo. Amesema watu wazima wenye mishahara kujitosa vichwa katika maji ya kunywa ni aibu, heri mngepiga mbuzi. Anaomba kibao kirekebishwe kama nilivyosema hapo juu. Adey ataletwa kesho. Mpigeni kidogo, kisha mtoke majini anywe.