Dampo Kwenye Kiwanja cha Tai Nyekundu

Dampo la mji lilijaa, na takataka zikakosa pa kwenda. Wiki nzima malori kumi na manane yalisimama nyuma ya ofisi za halmashauri, yamefurika, yakichuruzika maji meusi, na waheshimiwa wakifanya vikao huku wameziba pua.

Watu wengine waliikimbia harufu hiyo. Tapeli mmoja, aliyeitwa Tai Nyekundu kwa tai aliyoivaa kila siku, aliifuata. Bwana huyu alikuwa na suti moja, muhuri wa kuchongesha, na nyumba ya vyumba vitatu aliyoimaliza juzi. Mkewe alikuwa ameapa: Jumamosi wanahamia, la sivyo anarudi kwao.

"Mheshimiwa," alimwambia meya, "miji jirani ina umoja wake wa taka, wenye dampo kubwa. Wanachama naandikisha mimi. Lipeni kiingilio leo, na taka zenu hakuna wa kuzikataa. Halafu kiti cha mwenyekiti kiko wazi. Kina gari."

"Gari la aina gani?" aliuliza meya. Kuhusu dampo hakuuliza neno. Kichwa kile Mungu alikiumba kiwe cha kuvalia kofia.

Aliyeng'ang'ana ni karani, mama mtu mzima mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. "Mwanangu, hati yako haina namba ya kiwanja cha dampo. Sitoi hata senti mpaka niihakikishe kwa watu wa ardhi."

Tai Nyekundu alijua namba moja tu ya kiwanja, ya kile alichojengea nyumba yake. Akaiandika bila kupepesa. Halmashauri iliyotumia miaka miwili kubadilisha kitasa cha choo, lori itapeleka lini?

Watu wa ardhi wakathibitisha kwamba kiwanja kipo. Akapokea bahasha ya kiingilio, akashinda madukani akichagua mapazia. Jioni alipofika kwake, lori la mwisho lilikuwa linamwaga. Taka zilikuwa zimefika madirishani.

"Nani kawatuma hapa?"

"Hati yako, bosi," dereva alisema, akimnyooshea kalamu. "Saini hapa kwamba umepokea. Mama karani anakusalimu. Anasema umoja wako una haraka ambayo hajapata kuona."

Angekwenda wapi, polisi? Alikwenda kwenye dampo la umoja wa kweli.

"Tunapokea za wanachama tu," mlinzi alimjibu, akafunga geti.

Kiingilio chote kiliishia kwa wenye malori ya kukodi na kwa mwenye shimo lake binafsi. Mizigo kumi na mmoja iliondoka. Saba ilibaki. Jumamosi mke naye aliondoka, na mapazia akayachukua.