Agizo la Mlango wa Karakana ya Utando

Wananchi mnajulishwa kwamba Karatu imeingia rasmi katika zama za umeme usio na moshi. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Utando, nilikuwapo tangu mwanzo, na sifa zangu nitaziweka kando ingawa ni nyingi.

Karakana yetu hutengeneza tando za visanduku vya umeme. Utando mwembamba hubanwa kati ya mabamba mawili, kingo zikazibwa kwa gundi. Gesi ya haidrojeni ikipita upande mmoja na hewa upande wa pili, taa inawaka. Vumbi likiingia kabla gundi haijakauka, gesi inavuja na kazi yote ni bure. Na vumbi Karatu tunalo, hata la kugawa.

Fundi wetu Domitila alikuwa na haraka isiyo ya kiofisi. Mdogo wake Valeria alikaribia kujifungua kule Baray, na zahanati ilikuwa gizani, maana mwaka huu wa 1982 mafuta ya taa yamekuwa hadithi tu.

"Ndugu Katibu, nipeni siku moja bila wageni," alisema. "Moja tu."

Ombi lilikuwa zito. Kila mkubwa anayekwenda kutazama wanyama Kreta hupita Karatu, na lazima aoneshwe maendeleo. Kila aliyefika tulimfungulia mlango, akapiga makofi, vumbi likaingia naye, utando ukatupwa. Domitila alilia. Nikaandika kwamba mafundi wana ari.

Hatimaye Mkurugenzi wa mkoa akatoa Agizo: mlango uzungushiwe mpira wa tairi pasipenye kitu, na kabla gundi haijakauka usifunguliwe bila kibali chenye sahihi yake. Kisha akaja mwenyewe kukagua utekelezaji. Tukaingia, Domitila akapaka gundi, na mlinzi wetu Senteu, mtu wa Loliondo asiyependa mzaha, akapiga kufuli kwa nje.

Mkurugenzi akatazama saa. Mbuzi wake alikuwa anachomwa ukingoni mwa Kreta.

"Fungua," akapaza sauti. "Ni mimi Mkurugenzi."

"Kibali, mzee," Senteu akajibu.

"Ninacho hapa. Nimetia sahihi sasa hivi."

"Basi lete huku nikione."

Tukatafuta upenyo wa kukipitishia. Agizo lilikuwa limetekelezwa vizuri mno.

"Vueni viatu mkae chini," Domitila akatuambia. "Mkitembeatembea mnatimua vumbi."

Tukakaa sakafuni na soksi zetu. Ya Mkurugenzi ilikuwa na tundu. Jioni gundi ikakauka, na utando haukuvuja. Mkurugenzi akiwa bado anahutubia, Domitila alishapanda lori la vitunguu kwenda Baray na kisanduku chake. Valeria alijifungua kwenye mwanga, mtoto wa kike, na mimi nilifurahi kupita kiwango cha cheo changu.

Kamati imechunguza siri ya mafanikio hayo. Imebainika kwamba siku ile hakuna kiongozi aliyeweza kufanya lolote. Domitila akaomba kufuli la pili, kwa ajili ya ofisi ya Kamati, na hakungoja tulijadili.

Taarifa hii ningeipeleka mkoani mwenyewe, lakini Senteu, aliye nje ya mlango wangu, anasema gundi bado haijakauka.