Mlango wa Kituo cha Baba

Jumamosi, 29 Julai

Barua imefika kutoka ofisi ya misitu. Kituo cha zamani kando ya ziwa, alichokilinda Baba miaka ishirini na sita, kinabomolewa mwezi ujao. Familia inaruhusiwa kuchukua kitu kimoja cha kumbukumbu. Kimoja!

Nakijua. Mlango. Baba alikuwa akitusimamisha pale, Dada na mimi, akichonga urefu wetu kwa ncha ya kisu. Nautaka karakanani kwangu, ukutani, juu ya meza ninayotengenezea saa, niuone kila ninapoinua macho. Lakini Dada naye atautaka, na Dada ni mkunga mstaafu. Amezoea kuvuta kitu mpaka kitoke.

Kumwomba? Thubutu! Nina mbinu.

Dada ameamua twende kwa miguu, njia ile ile ya Baba, siku mbili msituni, tulale kwenye mahema. Mumewe anakuja pia. Shemeji ni mpima ardhi, na tayari ameshanunua ramani. Nimewaambia ramani ya nini, njia ile naijua kama kiganja changu, nimeitembea na Baba utoto wangu wote. Atakayewafikisha ndiye mrithi. Nani atamnyima mlango?

(Kusema kweli kuhusu njia hiyo nakumbuka vitu viwili tu: harufu ya mvua kwenye koti la Baba, na majani yakipita juu yangu. Mengine yatanijia nikifika.)

Jumapili, 30 Julai

Hayakunijia.

Nilimwambia Dada kichwa kinaniuma, kisha nikadandia basi la kwanza mpaka mwanzo wa njia. Kila njia panda nilimwuliza mpita njia, na kila alikonielekeza nikafunga kitambaa chekundu mtini. Kitambaa nimekikata kwenye pazia kuukuu. Vipande kumi na vinne! Vilipokwisha nikarudi. Miguu imevimba kama maandazi. Nimelala chali, naandika huku nacheka.

Ijumaa, 4 Agosti

Tumeanza alfajiri. Shemeji amening'iniza dira shingoni kama kengele ya ng'ombe. Shanta lake lina mifuko kumi na mmoja, na kila mfuko una kazi yake. Langu lina mfuko mmoja, na mtungi wa gesi unanichoma mgongoni.

Asubuhi ilikuwa yangu. Tukifika njia panda, natupa jicho kwenye kitambaa, nasema kulia, napita. Wala sisimami! Ziwa lilikuwa linametameta kati ya miti, ndege wanapiga kelele, Dada akaanza kuimba wimbo aliotuimbia Baba, ule wa kuhesabu madaraja. Akasema nina macho ya Baba. Mwenyewe nikajisikia hivyo. Shemeji akanong'ona kwamba kwa mujibu wa ramani tumeliacha ziwa nyuma yetu. Nikamwambia Baba hakutembea kwa karatasi.

Baada ya saa sita vitambaa vikazidi. Sikumbuki kufunga vingi hivyo. Lakini vilikuwa vyekundu, nikavifuata. Tukashuka bondeni, tukapita matope, Dada akapoteza kiatu na kukipata, tukatokea kwenye uwazi uliojaa visiki. Wanaume wanane walikuwa wanakula, misumeno imelala kando.

Msimamizi wao akatueleza kwa upole. Kitambaa chekundu ni alama ya mti wa kukatwa. Akatoa mfukoni kitambaa kimoja, akaongeza kwamba wao wenyewe wanashangaa: wiki hii imeongezeka miti kumi na minne isiyo kwenye orodha, yote kando ya njia ya ziwani, na mmoja ni mkuyu mkubwa ajabu. Kesho wanaanza na huo.

Mkuyu! Ndipo nilipokula chakula changu Jumapili.

Nilifikiria kunyamaza. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi: nilifikiria kama dakika mbili nzima. Kisha nikasema huenda ni mtu fulani, mwenye nia njema, aliyekosea. Dada akachukua kitambaa mkononi mwa msimamizi, akakigeuza, akakinusa.

"Hili ni pazia la chumba cha Mama," akasema.

Akaniangalia. Shemeji akaangalia dira yake, heshima ambayo sitamsamehe kamwe.

Alasiri yote tumefungua vitambaa vyangu, mti kwa mti, Shemeji akituongoza kwa ramani. Tulipofika kwenye mkuyu Dada hakufungua. Aliweka kwanza kiganja chake kwenye gome. Akasema Baba alikuwa akipumzika hapa, na mwaka ule nilipougua surua alilala hapa na mimi kifuani, mvua inanyesha, mpaka koti lake likalowa lote na mimi nikabaki mkavu.

Nikajifanya naangalia mdudu.

Jumamosi, 5 Agosti

Hema langu lilianguka mara mbili. La Shemeji linasimama lenyewe ukilitupa chini. Chai yake ilikuwa tamu, ikaniudhi zaidi.

Tumefika saa tisa. Kituo ni kidogo sana! Nilidhani ni jumba. Chumba kimoja, dirisha moja la ziwani, benchi limeoza. Lakini mlango upo, na alama zipo. Za Dada zinapanda kama ngazi, nyingi, mpaka begani pangu. Zangu ni nne tu. Ya juu kabisa inanifika kiunoni.

Nikasema nyingine zitakuwa zimefutika. Dada akacheka, cheko la zamani, la kabla ya ukunga na watoto na miwani.

"Mdogo wangu, Baba alihamishwa ukiwa na miaka mitano. Wewe hukutembea njia hii hata hatua moja. Ulibebwa mgongoni. Unalala, mate yanamwagikia kola yake. Na yeye anakutajia majina ya miti tu, mmoja baada ya mwingine, kama unamsikia."

Nimekaa ufukweni mpaka jua likazama. Nilijaribu kukumbuka hata jina moja la mti. Nimekumbuka sauti tu, jinsi ilivyokuwa ikipita kwenye mgongo wake na kuingia sikioni mwangu.

Baadaye nikakumbuka kwamba bado sina mlango.

Jumapili, 6 Agosti

Nimeamka kabla yao. Mbinu ya pili: mlango ukishang'oka na kuwa mkononi mwangu, nani atauliza? Nina bisibisi zangu za saa. Ya kwanza ilivunjika kwenye skrubu ya kwanza. Ya pili vilevile. Ya tatu haikuhitajika, kwa sababu bawaba zilikuwa zimeoza, na mlango ukaniangukia.

Sikuumia. Ila sikuweza kutoka. Nililala chini yake, pua yangu kwenye alama yangu ya miaka minne, mpaka bwana msitu alipofika kwa mashua, akaona miguu, akapiga filimbi ya wezi.

Dada akatoka hemani na kanga kichwani. Akamwambia bwana msitu huyu si mwizi, ni mdogo wake. Alisema hivyo kama anaomba radhi. Wakaninyanyua, Shemeji upande mmoja, bwana msitu upande mwingine.

Kisha Dada akaniuliza nilikuwa nataka nini hasa. Nikamwambia. Akashangaa. Akasema mlango alishapanga uwe wangu tangu siku barua ilipokuja. Ndiyo maana akataka twende wote, nije niuchukue kwa mkono wangu. Kwa nini sikumwomba tu?

Shemeji tayari alikuwa ameupima. Unaenea kwenye mashua, alisema, kukiwa na nafasi ya vidole vinne.

Jumatano, 9 Agosti

Mlango uko ukutani. Unapendeza kupita kiasi. Wateja watatu wameuliza, nimewaeleza wote watatu jinsi nilivyoiongoza familia msituni bila ramani.

Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Nilitaka mlango, nikafanya mbinu, nimepata mlango. Mbinu zinafanya kazi!

Sasa kuna cherehani ya Mama, iko sebuleni kwa Dada. Hakuna anayeitumia. Kumwomba? Thubutu. Jumamosi wanakwenda harusini, na dirisha lao la jikoni nalijua kama kiganja changu.