Tarumbeta Lililobonyea

Jumatatu, 16 Juni 2025

Natangaza rasmi, kwa unyenyekevu na kwa faida ya vizazi vijavyo: leo saa kumi na mbili na robo asubuhi, mbele ya kioo cha chumbani, mimi Lameck, karani wa masjala, umri miaka hamsini na mitatu, nimetetemesha midomo kwa sekunde arobaini bila kupumzika. Prrrrr! Mara ya mwisho kufika arobaini ilikuwa 1991. Mke wangu Tusekile ametoka jikoni kuuliza kama kuna bodaboda imeingia ndani.

Hajui uzito wa jambo. Mwalimu Asajile, aliyetufundisha tarumbeta kanisani Bujonde, anatimiza miaka themanini Jumapili ya tarehe 29. Ameomba kitu kimoja. Si ng'ombe, si blanketi. Anataka vijana wake sita wa bendi ya 1989 wampigie wimbo mmoja baada ya ibada. Wote sita. Macho yamekwisha kumwacha, lakini masikio! Amesema akisikia watano atajua, na atajua nani hayupo.

Sita tuko hai, Mungu ametutunza. Matarumbeta yapo matano. La sita ni langu, na langu sina. Bendi ilipovunjika mwaka 1994 niliambiwa limeuzwa ng'ambo ya mto Songwe, Malawi. Miaka thelathini na moja namwonea wivu Mmalawi nisiyemjua.

Nitanunua jingine mtandaoni, lililotumika. Najua matapeli wapo. Lakini mimi si wa kutapeliwa. Nimesoma sana habari zao.

Jumanne, 17 Juni

Tangazo la kwanza: "Tarumbeta linauzwa. Lipo Kyela mjini, nyuma ya stendi. Njoo ulione." Basi! Hakuna salamu, hakuna habari za kwenu.

Muuzaji anaitwa Restituta, mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, idara ya ardhi. Chombo ni cha marehemu baba yake. Nikamwandikia salamu ya mistari sita: mvua, mpunga, afya, wazazi. Akajibu: "Salama. Unakuja?"

Haraka! Alama ya kwanza ya tapeli ni haraka, nimesoma mimi mwenyewe. Tena ananiita nikalione kwa macho, nilishike, nilipulize, nishawishike. Mtego. Nimemfuta.

Tusekile amesema nyuma ya stendi ni dakika nane kwa mguu, Baba Naomi. Nimemwambia hivyo ndivyo wanavyowapata watu.

Ningeulizia kwenye kundi la simu la wanabendi, lakini nilijitoa mwezi wa tano, kwa heshima zangu zote, baada ya Sadoki kunipanga tarumbeta la pili. La pili! Sadoki, ambaye mwaka 1990 alipuliza harusi nzima ya Makwale akiwa na sauti moja tu! Leo ananunua kakao, ana pikipiki mbili, basi anajiona kiongozi wa bendi. Nilitoka kimya. Nilitazamia wanibembeleze nirudi. Bado natazamia.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeliona. Si la kufanana nalo. LENYEWE!

Muuzaji ni Joshua wa Tukuyu. Picha iko wazi: tarumbeta limelala juu ya meza yenye kitambaa cha maua, na shavuni, pale kwenye mdomo mpana wa mbele, pamebonyea. Kubonyea kule nakujua. Nilikufanya mwenyewe, mwaka 1991, kwenye daraja la magogo la mto Mbaka. Tulikuwa tunarudi kutoka kwenye harusi, mimi nikiendesha baiskeli ya Mwalimu, tarumbeta begani, mbasa wa kukaanga watatu kwenye mfuko wa shati kwa sababu tulilipwa kwa chakula. Gogo likazunguka. Samaki wakarudi majini wakiwa wamekaangwa. Mimi na baiskeli tukawafuata. Tarumbeta likagonga jiwe, nalo likatoa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitoa.

Nililia. Nilidhani Mwalimu atanifukuza. Akapitisha kidole pale palipobonyea, akasema sasa hata likiibwa tutalijua.

Miaka ile! Jumamosi tulisugua vyombo kwa majivu na limau mpaka tukaona meno yetu ndani yake. Vitufe tulivitia mafuta ya cherehani ya mama mchungaji. Nota tulisoma ubaoni, na Mwalimu alipiga mdundo kwa mwanzi, mara mezani, mara kichwani kwa Sadoki.

Nimemwandikia Joshua. Ndiyo, limetoka Malawi, amesema. Nilijua!

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya uchunguzi. Nimekuwa mkali.

Kwanza salamu. Joshua amenisalimu kwa Kinyakyusa, "Mwagonile, tata", kama mtoto na baba yake, kisha akauliza mpunga umevunwa, watoto wanasoma wapi, kiuno kinaendeleaje. (Kiuno nilikitaja jana kwa bahati mbaya.) Dakika kumi na mbili za salamu! Tapeli ana muda huo?

Pili, nimedai picha yenye tarehe ya leo. Imekuja. Picha ileile, na juu yake tarehe kwa maandishi mekundu. Maandishi hayajagusa meza wala tarumbeta, yanaelea hewani. Simu za siku hizi zina mambo.

Tatu, nimetaka kulisikia. Akanipigia, akasema sikiliza, tata. Ikaja sauti moja ndefu, nene, yenye kukwaruza kidogo. Machozi yakanilenga. Sauti yangu! Nyuma yake nikasikia mtu akiita abiria wa Uyole. Tusekile, aliyekuwa akichambua mchele, amesema hiyo ni honi ya basi. Huyu mwanamke ameimba kwaya miaka ishirini na hajui ala.

Nne, jina. Nilipokuwa natuma nusu ya bei, jina lililotokea kwenye simu ni Monica. Nikasimama hapohapo. Mimi si mtoto! Nikampigia, nikambana. Akajibu bila kusita kwamba Monica ni mkewe, yeye pesa zote humwachia mkewe.

Mwanamume anayemwachia mkewe pesa zote. Unataka ushahidi gani tena?

Nimetuma.

Jumatatu, 23 Juni

Tarumbeta lilikuwa lije Jumamosi kwa basi la saa nne. Gari liliharibika. Jana lilipata gari, lakini kondakta alisahau kulipakia. Leo nimeomba ruhusa kazini, nimekaa stendi tangu saa tatu mpaka saa tisa na nusu. Joto la Kyela halina huruma kwa mtu mwenye matumaini. Nimefungua mizigo mitatu isiyo yangu. Mmoja ulikuwa na jogoo.

Restituta amepita akitoka kula, tumetambuana kwa picha za simu. Ameniangalia, nimeangalia pembeni. Amesema, "Lile tarumbeta limeshachukuliwa, baba." Nimempa pole moyoni aliyelichukua.

Joshua hapokei simu. Mtandao wa Tukuyu, ukungu.

Jumatano, 25 Juni

Nimekwenda Bujonde kumwona Mwalimu. Amekonda, shati lake la kijivu sasa linamvaa yeye. Alinitambua kwa mwendo kabla sijabisha hodi. Akauliza habari ya tarumbeta la sita. Nimemwambia nakuja na chombo changu mwenyewe, lile la zamani. Akasema daktari amemwambia asijipangie mambo ya mwaka kesho, ndiyo maana amejipangia ya Jumapili.

Niliangalia kuku.

Mkewe akanieleza mlangoni kwamba Mwalimu tangu Jumatatu hulala na dirisha wazi, ati anazoesha masikio.

Njiani nimempigia Joshua mara kumi na moja. Simu haipatikani.

Halafu habari ya kuchekesha, kama ningekuwa na nguvu za kucheka: aliyenunua tarumbeta la Restituta ni Sadoki. Alikwenda, akaliona, akalipuliza, akalipa, akaondoka nalo. Hivihivi tu. Wengine hawasomi.

Jumamosi, 28 Juni

Sadoki amekuja kwangu. Pikipiki, kofia, tabasamu, na kiroba mapajani. Tusekile akamkaribisha chai kama vile ni mtu.

Nilijiandaa kumwambia nimeugua mafua. Nilishafanya mazoezi ya kukohoa. Kabla sijaanza akauliza mbele ya mke wangu mimi nina tatizo gani, kwa nini nasubiri kubembelezwa kama bibi harusi. Amesema tangu mwezi wa tano ameandika kwenye kundi mara tatu kwamba tarumbeta la Lameck analo yeye, Lameck aje alichukue.

Nikamwambia tarumbeta la Lameck liko Tukuyu.

Akafungua kiroba.

Kidole changu kilifika pale palipobonyea kabla ya macho.

Halikwenda Malawi kamwe. Mchungaji alimwachia Sadoki bendi ilipovunjika, naye alikuwa akilipuliza mwenyewe misibani miaka yote hii, kwa sababu la kwake liliharibika. Tangu mwezi wa tano alikuwa akijitafutia jingine; sasa amepata la Restituta, hili ananirudishia. Na ile picha? Alipiga yeye, juu ya meza yake, kitambaa cha mkewe. Aliiweka Facebook mwezi wa tano, na maneno: "Mwenye chombo hiki alijitoa kundini kwa hasira. Mkimwona mwambieni arudi." Watu mia mbili walicheka. Mmoja, inaelekea, aliichukua picha akaiuza.

Nikamweleza habari za Joshua. Ilibidi. Sadoki alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Tusekile hakucheka. Alinyanyuka, akasema anakwenda kucheka nje asinivunjie heshima.

Jumapili, 29 Juni

Tumempigia Mwalimu.

Kanisa lilijaa, waliokosa nafasi walisimama nje. Sisi sita mbele, matumbo sita. Mwaka 1989 sare moja ilitutosha kwa kubadilishana. Mwalimu ameketi kiti cha mbele, kichwa kimeinama upande wa sikio la kulia.

Nimesimama tarumbeta la pili. Nitasema ukweli kwa kuwa humu hasomi mtu: Sadoki anafaa la kwanza. Amekuwa akifaa siku zote.

Ubeti wa kwanza niliupiga. Wote, kila nota. Ubeti wa pili midomo ikagoma. Sekunde arobaini za kioo si dakika nne za kanisa. Nikavimbisha mashavu, nikabonyeza vitufe, hewa haikutoka. Ubeti wa tatu nikarudi, na wa mwisho nadhani waliusikia mpaka Katumba Songwe.

Watu wakapiga vigelegele. Mwalimu akainua mwanzi, tukanyamaza sote kama watoto. Akauliza, "Lameck. Ubeti wa pili ulikwenda wapi?"

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Naye akacheka, mpaka mkewe akamshika mgongo. Kisha akaomba apewe chombo changu. Akakipapasa, akapata pale palipobonyea. Akasema wote sita walikuwepo, hata yule aliyetoka akarudi.

Sadoki alikuwa akifuta macho. Amedai ni jasho. Nimemkubalia.

Jumatatu, 30 Juni

Tusekile ameuliza pesa iliyokuwa kwenye simu asubuhi imekwenda wapi. Nimesema nimenunua bando. Humu niandike ukweli.

Saa nne nilijifungia masjala kumpigia Joshua nimtukane. Nilikuwa nimeyaandika matusi kwenye karatasi, kwa mpangilio, kama barua ya kiofisi. Akapokea! Nikaanza: mwizi wewe, mwongo wewe, tarumbeta langu nimeshalipata, picha ya watu, honi ya basi. Nilifika namba sita.

Akasema kwa sauti ndogo, "Tata, mama amefariki Jumatano. Tumezika jana."

Nikashika karatasi. Namba saba ilikuwa inamhusu mama yake.

Nimefikiri sana. Huyu ni tapeli, hilo sina shaka. Lakini tapeli naye huzaliwa na mtu. Kama anadanganya, amejitakia mwenyewe mkosi, mtu hamzushii mama yake kifo. Kama hadanganyi, nimemtukana mfiwa, namba sita mfululizo, huku kaburi halijakauka. Na mimi ni mtu wa Bujonde. Kwetu msiba ukikufikia sikioni umekufikia.

Nimetuma rambirambi.

Kwa Monica, ndiyo.

Joshua amejibu dakika ileile: ndaga fijo, tata, asante sana, Mungu akuzidishie. Kisha akauliza, kwa kuwa anasikia tarumbeta nimeshalipata, je, ningehitaji na boksi lake? Analo, la asili kabisa, ndani lina kitambaa laini.

Nimekaa nikitazama simu. Nimeikumbuka kila alama ya tapeli niliyoisoma, moja baada ya nyingine.

Nimemuuliza la rangi gani.