Mashua Subira na Jirani wa Nyuma

Jumanne, 10 Juni

Tumefungua kamba saa tatu kamili asubuhi. Mke wangu Muriel ametoa masharti kabla chai haijapoa. Mwaka jana niligombana na wenye mashua saba. Nikigombana na wa nane, Subira itauzwa Jumamosi kwenye maonyesho ya Marbrook. Hatanii. Tangazo ameshaliandika, limo mkobani mwake. Miaka kumi na tisa nimeiendesha mashua hii katika mifereji ya Shropshire, Uingereza! Waridi zote za ubavuni nimezichora mwenyewe! Nimekubali. Mimi ni mtu wa amani.

Tumeingia lango la kwanza, chumba chake kikajaa maji, nasi tukapandishwa hadi mfereji wa juu. Nyuma yetu imetokea mashua Mdiria, ya Denzil Pugh: mstaafu, kofia nyekundu, mbwa mnene. Amenipungia mkono. Sikumpungia. Naye anakwenda Marbrook, ambako kabla ya daraja imebaki nafasi moja tu ya kufunga mashua. Hakuna apungaye mkono bure.

Saa sita nimegundua kwamba mkono wangu wa chuma, wa kuzungushia vilango vinavyoingiza na kutoa maji langoni, haupo! Mara ya mwisho niliuona langoni. Na nani alikuja langoni baada yangu? Pugh.

Jumatano, 11 Juni

Anatufukuza. Kwa darubini nimemwona akipiga kelele na kutikisa kitu kinachong'aa. Silaha? Nimeongeza mwendo hadi bata wakatawanyika. Mvuvi mmoja ukingoni ameniita: "We mzee, taratibu! Hiyo mashua au gari la zimamoto?" Nimetazama mbele tu. Amani.

Muriel amesema huenda Pugh ana jambo la kutuambia. Muriel huamini watu upesi mno.

Jioni tumefunga mashua juu ya lango la Cobbett. Pugh amefunga chini yake, na chumba cha lango amekiacha kitupu, maji yakiwa usawa wake, tayari kuingia asubuhi. Ujanja ulioje!

Alhamisi, 12 Juni

Saa kumi na moja alfajiri nimechukua mkono wa chuma wa Muriel, nikaenda langoni kwa viatu vya ndani. Mpango: kukijaza chumba maji, ili Pugh akiamka alazimike kuyamwaga upya. Nimefungua vilango vyote viwili vya juu. Mbwa amebweka. Nimekimbia.

Saa mbili kikombe changu kimeanza kutembea chenyewe mezani. Kisha birika. Kisha Muriel, blanketi na yote. Milango ya chini ya lango lile huvuja kama pakacha, nami vilango vya juu nilikuwa nimeviacha wazi. Maji yetu yote yamemshukia Pugh. Subira imelala ubavu topeni. Mdiria inaelea vizuri kuliko jana!

Kila mtu wa mfereji anajua kwamba haondoki mtu langoni kabla ya kufunga vilango. Mimi mwenyewe nimeandika barua tatu katika jarida la chama chetu cha wenye mashua kuhusu wahalifu wa namna hiyo.

Pugh amekuja kwa miguu. Hakuuliza nani aliyefanya hivyo. Amevifunga vilango, akaenda lango la mbele kututeremshia maji, na saa tano Subira ikaelea. Ndipo akanikabidhi mkono wangu wa chuma. Akasema niliusahau juu ya boriti ya lango la kwanza, na tangu juzi ananiita mpaka sauti imemkauka.

Nimemuuliza, kwa utulivu, alijuaje kwamba ni wangu. Akasema jina langu limechongwa juu yake. Nimemuuliza nani alimruhusu kulisoma. Huenda nilipaza sauti. Huenda nilitaja neno mwizi. Watembeza mbwa watatu walisimama kusikiliza. Pugh akasema, "Yaishe, bwana. Kanywe chai."

Muriel amefungua mkoba.

Jumamosi, 14 Juni

Marbrook. Pugh amenipisha nitangulie, na ile nafasi kabla ya daraja nimeipata mimi. Ushindi! Umedumu hadi saa nane mchana, Subira ilipouzwa. Aliyeinunua ni Gwenda, dada yake Pugh. Amezisifu waridi zangu. Nimeangalia pembeni.

Jumapili, 15 Juni

Nyumbani. Sasa yote yako wazi. Kunipungia, kunitoa topeni, kunirudishia kilicho changu: mtego mtupu wa kuinyakua Subira. Mtu hawezi kuwa mwema kiasi hicho bila sababu.

Jioni Pugh amepiga simu. Anatualika safari ya Agosti ndani ya Mdiria, nami niwe msimamizi wa malango kwa kuwa nina uzoefu. Muriel amekubali papo hapo. Nami nimekubali. Ramani nimekwisha kuichunguza: malango kumi na manne.

Nimetafakari sana yaliyotokea. Kosa langu la Alhamisi lilikuwa moja tu: mbwa.

Nimenunua soseji.