Kuwatafuta Matajiri wa Mkalama

Jumanne, 8 Julai 2025

Baridi. Upepo. Wateja watatu tu kibandani tangu asubuhi, na wawili walikuwa wanauliza njia ya halmashauri. Mimi Leonidas, wakala wa pesa za simu hapa Nduguti, wilayani Mkalama, mtu mwenye akili zake, nimekaa juu ya kreti la soda nakula maandazi!

Ndipo nikasoma karatasi iliyofungia maandazi. Ukurasa wa gazeti. Habari za matajiri wa nchi hii, mkoa kwa mkoa, na ramani yenye miduara. Mduara mkubwa, matajiri wengi. Dar es Salaam imevimba kama jipu. Chini yake wameandika kwamba huko kuna watu ambao kazi yao ni kutunza mali za matajiri tu. Hawalimi, hawachungi, hawabebi. Wanakaa kwenye kiti, wanamshauri tajiri aweke wapi mali yake, na wanakatiwa sehemu.

Nikatafuta Singida. Doa la mafuta ya andazi limeifunika yote. Nimeianika juani, nimeipangusa na majivu, wapi. Chini ya doa kuna mduara au hakuna? Swali hili limeninyima hata usingizi wa mchana.

Nimemuuliza Bonaventura wa stationari, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Akasema nisijisumbue kupangusa. Singida hakuna tajiri, kuna watu wenye shida na watu wenye shida zaidi. Mtu wa kulaminisha vyeti anajua nini?

Mimi nasema wapo. Na hawana mshauri hata mmoja. Mkoa mzima, soko tupu.

Jumatano, 9 Julai

Nimeanza. Meza moja. Kiti kimoja kinachozunguka, kimekuja juu ya basi kutoka Singida mjini. Bango moja: LEONIDAS, MSHAURI WA MALI ZA WATU WAZITO. Fundi ameandika "wazito" kwa rangi nyekundu, imependeza.

Kuhusu mtaji. Binti yangu Eliana aliniwekea fedha zake za alizeti, jasho la misimu miwili, za kuanzia chuo cha uuguzi. Zilikuwa zimelala tu kwenye simu. Mshauri wa mali hawezi kuona mali imelala akanyamaza. Nimeziazima, bila kumsumbua kwa kumwambia. Zitarudi zimenenepa.

Mke wangu Dina hakuwepo kuliona bango. Alikuwa amepanda mlimani kwa Mzee Obadia, mfugaji, na mfuko wa chumvi kichwani, kama kila mwezi. Nimemwambia mara ngapi kwamba huruma itatufilisi! Mzee ana ng'ombe zaidi ya mia, anashindwaje kununua chumvi? Akasema ni mazoea tu.

Halafu nikasimama katikati ya chumba. Ng'ombe zaidi ya mia! Miaka yote hii naishi karibu na tajiri, nimemwona mzee wa kawaida kwa sababu ya zile kandambili za matairi. Kesho kutwa naenda.

Ijumaa, 11 Julai

Nimevaa tai. Nikatoa shikamoo, Mzee Obadia akaitikia marahaba, akanipa kigoda na maziwa ya mgando. Nikamweleza hatari ya kuweka mali yote mahali pamoja. Magonjwa, ukame, wezi. Nikamwambia mtu mwenye mali anahitaji mtu wa kuitunza na kuitawanya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nyumbani kwangu sijawahi kusikilizwa hivyo.

Alipohakikisha nimemaliza, akasema ng'ombe wake mle zizini ni kumi na wawili. Waliobaki ni wa watu, wamewekwa kwake. Ng'ombe wake wengine wanne amewaweka kwa rafiki yake kule Ihanja, ili ugonjwa ukiingia hapa usiwakute wote. Anayetunza anakunywa maziwa, anachukua samadi ya kuweka kwenye mtama wake, na ng'ombe wakizaana vizuri anapewa mtamba, jike ambaye hajazaa, awe wake. Mwenye mali analeta chumvi mara moja kwa mwezi, basi.

Nikaandika kwenye daftari: chumvi, gharama isiyo ya lazima, tutaiondoa.

Nilimhurumia sana. Mzee wa watu analea mali za wengine kwa maziwa na samadi, na hajui kwamba Dar es Salaam kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyohiyo.

Nikauliza, sasa wenye ng'ombe ni akina nani? Akakohoa. Akaniangalia, mimi na tai yangu.

"Mwanangu," akasema, "mtu akiniwekea ng'ombe, ananiwekea na jina lake."

Akaongeza kwamba wengine huficha ng'ombe ili ndugu wasijue, na wengine ili hata watu wa nyumba moja wasijue. Nikamwambia naelewa kabisa, kuna watu hawaaminiki.

Njia nzima nimewaza. Mambo haya nimezaliwa nayo, babu yangu mwenyewe aliwekewa ng'ombe, lakini vocha zimenisahaulisha. Dar es Salaam ukitaka kumjua tajiri unatazama ukuta wa nyumba yake. Hapa tajiri analala kwenye tembe, na mali yake inakula majani katika vijiji vinne. Mwenye gazeti angechora mduara wake wapi?

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda kanisani. Nilikaa juu ya lile jiwe kubwa linalotazama zizi la Mzee Obadia, na daftari, nikisoma masikio. Kila mwenye mali ana namna yake ya kukata sikio la ng'ombe wake. Jina linafichwa, sikio halifichwi!

Na nimempata. Ng'ombe kumi na mmoja, wekundu wote, wamenona, sikio la kushoto limekatwa mapengo mawili. Hakuna wazuri kama hao mle ndani. Nimempa mwenye nao jina la Bwana Masikio. Ni nani? Mwanajeshi mstaafu? Mkandarasi aliyejenga ofisi za serikali? Ni mtu mvumilivu, anajua kuchagua madume, hauzi kwa pupa, hajionyeshi. Kwa kifupi, mtu wa aina yangu.

Nilirudi na njaa. Dina akauliza nilikuwa wapi, nikamsimulia habari za Bwana Masikio. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Ndiyo maana sipendi kuzungumza mambo ya uwekezaji jikoni.

Jumatatu, 14 Julai

Barua! Kwa Mheshimiwa Mwenye Ng'ombe Wekundu Kumi na Mmoja. Bonaventura ameichapa na kuilaminisha, maana mtu mzito hapewi karatasi inayokunjika. Nimemshauri auze wote, anikabidhi fedha, nami nitazipeleka zinakozaliana bila kula majani.

Aya ya nne ndiyo najivunia. Nimemsihi asimwambie mkewe neno lolote. Wanawake wana woga, nimeandika, na mali ikikaa karibu na woga inadumaa. Bonaventura alisema aya hiyo ni ya mtu aliyesoma.

Saa nane mchana nikatazama ng'ambo. Bonaventura ametundika kibao kipya: USHAURI WA MALI PIA UNAPATIKANA. Mwizi!

Nikaipandisha barua kwa Mzee Obadia, akaisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari. Akauliza kama nina uhakika na aya ya nne. Nikasema hiyo hasa ndiyo isisahaulike. Akaahidi itamfikia mwenyewe kabla jua halijazama. Kabla jua halijazama! Kwa hiyo anaishi karibu.

Jumatano, 16 Julai

Siku mbaya. Eliana amekuja kibandani. Chuo kimempigia, kinataka malipo ya kwanza kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine. Nikasema mtandao unasumbua.

Akaangalia simu, ina mtandao. Akaangalia meza. Akaangalia bango. Akakizungusha kile kiti mara moja, polepole.

"Baba, zipo?"

Nikasema ziko njiani. Hakulia, hakunijibu vibaya, aliaga akaenda kuteka maji. Sitaficha, nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Msichana amepalilia alizeti mwenyewe, misimu miwili, mgongo umeinama. Nimemuuliza Bonaventura kama atakinunua kiti. Ametaja bei ya kuku.

Sasa ni Bwana Masikio tu. Asipojibu kufikia kesho kutwa, mwanangu hana chuo.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika asubuhi, habari ni za jana jioni. Ugali wa mtama na mlenda. Dina akaweka kitu kando ya bakuli langu. Barua yangu, na laminesheni yake!

Nikaruka. Nikauliza amemwona wapi, anafananaje, ana gari? Dina akafuta mikono, akaishika barua, akasoma aya ya nne kwa sauti, kwa ile sauti anayosomea somo la kwanza kanisani. Alipofika kwenye woga na kudumaa akarudia. Kisha akaniwekea mbele.

"Baba Eliana, mwenye ng'ombe amesoma. Amekataa."

Nilichelewa kuelewa. Eliana alielewa kabla yangu, akaacha kutafuna.

Kumi na mmoja! Wametokana na yule mtamba ambaye marehemu baba mkwe alimpa Dina alipojifungua Eliana. Mimi niliambiwa mtamba alikufa, mwaka ule nilipotaka kuuza kila kitu nifuge kware. Nilimlilia. Kumbe alikuwa kwa Mzee Obadia, anazaa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema hata yeye ana aya yake ya nne.

Madume wawili wameshapata mnunuzi. Fedha zinakwenda chuoni leo, kwa mkono wa Eliana mwenyewe, hazipiti kibandani. Dina aliyasema hayo bila hasira, na afadhali angekasirika. Nilitoka nikasimama uani. Niliona aibu kuwatazama. Na pembeni ya aibu, nikiri, kulikuwa na fahari. Chini ya lile doa la mafuta kuna mduara, na ndio unanipikia mlenda!

Jumatatu, 21 Julai

Eliana amepata nafasi yake. Mpaka siku ya kuondoka, yeye ndiye anakaa kwenye kiti kinachozunguka, na simu na ufunguo wa droo viko kwake. Mimi nimerudi kwenye kreti. Bango Dina amelifanya mlango wa banda la kuku.

Nimetafakari sana siku hizi nne. Nimejifunza kwamba mpango ulikuwa mzuri ila ulimwangukia mtu asiyefaa.

Maana jana, nikiwa kule juu ya jiwe, nimeona wengine. Weupe, kumi na wanane, sikio la kulia limepasuliwa katikati. Kumi na wanane! Huyu ni mzito kuliko wazito wote. Bonaventura anasema atakuwa jaji mstaafu. Tumepatana, sasa ni washirika, yeye anachapa, mimi nafikiri. Barua iko tayari. Aya ya nne tumeiacha ilivyo, na Bonaventura ameongeza kwa mkono wake kwamba mwanamke hajui hata ng'ombe ana miguu mingapi.

Wakati laminesheni inapoa, Jenipher, mkewe Bonaventura, alipita mbele ya duka akielekea juu kwa Mzee Obadia, mfuko wa chumvi kichwani. Bonaventura akatikisa kichwa, akasema huruma ya mke huyu itamfilisi. Nikampa pole, nikamwambia na mimi wangu ni hivyohivyo.

Wanawake wa Nduguti wana huruma mno.