Puto la Doria na Dungu la Bi Mwantum

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Mapokezi, ya Itifaki na ya Pilau, masheikh wetu, wazee wangu wa Ruaruke, kina mama mliokuja kwa hiari na mliohimizwa na mgambo: asalaam aleikum. (Makofi, yakiongozwa na dereva wa Mgeni Rasmi.)

Nasimama mbele yenu, nikiwa Mratibu Mkuu wa Doria za Angani, kuzindua mradi wa kimkakati wa maputo madogo yenye kamera, ambayo, yakiwa yamefungwa kamba yasije yakachukuliwa na upepo, yataelea juu ya kambi za jeshi zilizo mbali, kama ile ya ng'ambo ya bonde hili, na kumbaini adui kabla yeye mwenyewe hajaamua kuwa adui. (Makofi ya dereva.) Upembuzi yakinifu, nilioufanya binafsi katika hoteli za mataifa matano, umethibitisha kwamba usalama umepanda kwa asilimia mia moja na nne. (Minong'ono.) Hizo nne za ziada ni mchango wa ofisi yangu.

Kamba ilihitaji nguzo madhubuti, na wataalamu, baada ya semina elekezi, wakalichagua dungu lile nyuma yenu, kibanda cha miguu mirefu ambamo Bi Mwantum huamia ndege wasimalize mpunga wake, na ambamo sasa amekaa askari wa zamu.

(Bi Mwantum: "Mwanangu, mpunga unaiva na ndege ndio wale. Mteremshe huyo kijana, nipande.")

Mama yangu, mpunga ni suala mtambuka. Litaingizwa kwenye mfumo.

(Dadi, jirani yake: "Mheshimiwa, kamba tunaiona. Puto ndilo hatulioni.")

Bwana Dadi, ulinzi unaoonekana si ulinzi, ni tangazo. Puto hili ni la teknolojia ya kisasa: likishafika, halionekani.

(Dadi: "Na kamba mbona imelala chini?")

Imepumzika, kwa mujibu wa mwongozo. (Kicheko kirefu.)

Sasa tuitikie pamoja: Puto, juu. (Watu wanaitazama kamba.) Puto, juu zaidi. (Dereva: "Zaidi.")

Kwa kuhitimisha, nawashukuru wafadhili, ambao tunaendelea kuwatafuta. Wahandisi, ambao nafasi zao zitatangazwa. Kiwanda cha maputo, ambacho kiwanja chake kitapimwa. Na kwa namna ya pekee Bi Mwantum, ambaye dungu lake linatulindia kambi kwa macho matupu ya askari, na ambaye atarudishiwa dungu hilo siku ileile puto litakapofika.

(Bi Mwantum amekwisha kufika chini ya dungu, kombeo mkononi: "Teremka, baba. Puto limefika. Si umemsikia mwenyewe, halionekani?" Askari anamtazama Mratibu, anautazama mpunga, anateremka. Makofi, mara hii bila dereva.)